Kidonge Hushindana na Yai: Mwongozo wa P2 na Kitanzi cha Dharura

Jumatatu ndiyo siku ya P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Muulize yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Binti anaingia, anawasubiri wateja wengine waishe, anajifanya anasoma bei za sabuni, kisha anasogea na kusema kwa sauti ya chini: "Naomba ile ya vidonge viwili." Jina halitaji. Muuzaji anajua. Kiboksi kinatumbukizwa kwenye bahasha ya kaki, hela inapokelewa, na mteja ameshatoka mlangoni kabla hajaulizwa lolote. Swali moja tu lingemfaa kuliko chenji aliyoisahau pale kaunta: "Ilikuwa lini?"

Mwongozo huu ni wa binti huyo, na wa kijana anayemsubiri nje juu ya bodaboda. Kama tendo bila kinga lilikuwa jana na unasoma huku moyo unadunda, soma kisanduku kinachofuata, kafanye linalokupasa, halafu urudi kwenye sababu.

KISANDUKU: UKIWA NA DAKIKA MOJA TU

1. Hesabu saa tangu tendo lifanyike. Kama hazijafika 120, yaani siku 5 kamili, bado kuna la kufanya.
2. Njia yenye nguvu kuliko zote ni kitanzi cha shaba, ambacho huwekwa na mhudumu wa afya ndani ya siku hizo 5.
3. Kama kitanzi hakipatikani leo, meza kidonge leo. Usisubiri kesho "upate nafasi".
4. Kuanzia sasa hadi hedhi ijayo, usikutane na mwenzako bila kondomu.
5. Ikiwa ulibakwa, au una wasiwasi na VVU, nenda hospitali ndani ya saa 72. Kidonge cha mimba hakizuii VVU.

Pantoni na abiria

Wengi wanaamini kwamba P2 "inasafisha": ukiimeza, kilichokwisha kuingia kinatoka. Sivyo. Ili mimba itunge, mbegu ya kiume na yai ni lazima vikutane. Mbegu zikishaingia huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Yai likishatoka kwenye ovari halina maisha marefu. Saa 12 hadi 24 limekwisha. Ndiyo maana unaweza kulala na mwenzako Ijumaa, mimba ikatunga Jumanne, siku ambayo hata hamkuonana.

Fikiria kivuko cha Kigamboni. Mbegu ni abiria waliokwisha kupita getini, wamejaa kwenye banda la kusubiria, na subira yao ni ya siku 5. Yai ndilo pantoni. Homoni iliyomo kwenye P2, levonogestreli, haiwagusi abiria. Kazi yake ni kuichelewesha pantoni upande wa pili mpaka abiria waishiwe subira. Kama pantoni bado imefungwa kule ng'ambo, kidonge kinafanya kazi vizuri mno. Kama imeshang'oa nanga, yaani mwili umeshamwaga homoni ya kulisukuma yai litoke, P2 haina uwezo wa kuirudisha. Na kama imeshafika gatini na abiria wamepanda, P2 haimshushi mtu. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala haimdhuru mtoto aliyemo.

Watafiti wa Santiago, Chile, waliliona jambo hili kwa karibu. Waliwapima homoni na kuwatazama ovari kwa ultrasaundi wanawake waliokuja kuchukua kidonge, wakajua nani alimeza kabla yai halijatoka na nani alichelewa. Katika ripoti yao ya 2011, wanawake 103 walikuwa wamemeza katika siku tano za kabla ya yai kutoka. Kwa hesabu ya kawaida zilitarajiwa mimba 16. Haikutunga hata moja. Wanawake wengine 45 walimeza siku yai lilipotoka au baada yake. Zilitarajiwa mimba karibu 9. Zilitunga 8.

Ukiziweka namba hizo pembeni kwa pembeni, swali la "P2 inazuia kwa asilimia ngapi?" linapoteza maana. Kwa kundi la kwanza ilizuia zote. Kwa kundi la pili ilikuwa kama hawakumeza kitu. Ile namba moja unayotajiwa dukani imewachanganya wote hawa kapu moja.

Kipo kidonge cha pili, ulipristali, chenye miligramu 30. Hiki kina nguvu ya kuizuia pantoni hata ikiwa imeshaanza kusogea, alimradi haijafika katikati ya maji. Kwa hiyo kina faida zaidi kwa aliye karibu kabisa na siku ya yai kutoka, na hufanya kazi hadi saa 120. Kasoro yake ni kwamba si kila duka linacho. Uliza, ukikikosa usizunguke mji mzima siku nzima ukikitafuta, meza P2.

Namba zinazotajwa, na mtego uliomo

Utasikia mmoja anasema P2 inazuia kwa asilimia 98, mwingine anasema 85. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa sababu hawahesabu kitu kimoja.

Chukua wanawake 100 waliofanya mapenzi mara moja bila kinga katika wiki ya pili au ya tatu ya mzunguko wao. Wasipofanya chochote, takribani 8 watashika mimba. Waliobaki 92 wasingeshika hata kama wangemeza pipi. Wote 100 wakimeza P2, watashika mimba 1 au 2. Anayesema 98 anawahesabu wote 100, pamoja na wale wa pipi. Anayesema 85 anawahesabu wale 8 tu, ambao ndio waliokuwa hatarini hasa. Ukitaka kujua dawa inakufaa kiasi gani, namba yako ni ya pili.

KISANDUKU: KATI YA WANAWAKE 100 HAO, WATAKAOSHIKA MIMBA

- Bila kufanya lolote: takribani 8
- Vidonge vya kila siku vilivyotumiwa kama dharura: 2 hadi 3
- P2 (levonogestreli): 1 hadi 2
- Ulipristali: takribani 1
- Kitanzi cha shaba: karibu hakuna, kwa wanawake 1,000 ni takribani 1

Hata hiyo 85 si amri ya Mungu. Ilitokana na utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 1998: wanawake 976 walimeza levonogestreli, 11 wakashika mimba. Waliomeza ndani ya saa 24 walizuiliwa asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa. Kati ya saa 25 na 48, asilimia 85. Kati ya saa 49 na 72, asilimia 58. Huko Hong Kong, utafiti wa 2023 uliwapa wanawake 418 levonogestreli bila nyongeza, 7 wakashika mimba, na hesabu yao ikatoa asilimia 63. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba dawa imechuja. "Mimba zilizotarajiwa" ni makadirio, na makadirio hubadilika kulingana na nani aliingia kwenye utafiti na siku gani ya mzunguko wake.

Utafiti huohuo wa Hong Kong ulikuwa na kundi la pili, la watu 418 pia, waliomeza levonogestreli pamoja na piroksikamu, dawa ya maumivu ambayo wengi mnaifahamu. Aliyeshika mimba ni mmoja. Ni habari njema, ila usikimbilie kujichanganyia dawa nyumbani. Piroksikamu ina ugomvi na vidonda vya tumbo na haimfai kila mtu. Mwulize mfamasia kwanza.

Hesabu saa zako

Chukua karatasi. Andika siku na saa ya tendo, si siku unayosoma haya. Tuseme ilikuwa Ijumaa saa nne usiku:

- Jumamosi saa nne usiku: saa 24
- Jumapili saa nne usiku: saa 48
- Jumatatu saa nne usiku: saa 72
- Jumatano saa nne usiku: saa 120, mlango wa mwisho

Saa hizi haziichakazi dawa. Kinachotokea ni kwamba kila saa unayokaa, pantoni inasogea. Huijui iko wapi. Unaweza kukisia: hesabu siku 14 kurudi nyuma kutoka siku unayotarajia hedhi ijayo, hapo ndipo yai hutoka kwa wengi, na siku hiyo pamoja na 5 za kabla yake ndizo "siku za hatari". Lakini homa, safari, mawazo au kunyonyesha vinatosha kuisogeza siku hiyo kwa wiki nzima. Wangapi tumewasikia wakisema, "Lakini mimi nilikuwa siku salama"? Kwa hiyo usitumie kalenda kujishawishi kwamba huhitaji kidonge. Itumie kwa jambo moja tu: ikikuonyesha kwamba uko katikati kabisa ya siku za hatari, hiyo ni sababu ya kukifuata kitanzi badala ya kuridhika na P2.

Wikendi ndiyo mtego mkubwa. Kliniki nyingi za uzazi wa mpango hazifanyi kazi Jumamosi mchana na Jumapili, lakini maduka ya dawa yako wazi. Ukiwa kwenye hali hiyo, meza kidonge wikendi hiyohiyo, na Jumatatu asubuhi uwe kwenye foleni ya kliniki kwa ajili ya kitanzi. Hakuna kosa kufanya vyote viwili.

Nani anahitaji kinga ya dharura

Si yule tu ambaye hakutumia kitu. Unaihitaji pia ikiwa:

☐ kondomu ilipasuka, ilivuka au ilibaki ndani
☐ ulisahau vidonge vya kila siku vitatu au zaidi mfululizo
☐ umepitiliza tarehe ya sindano ya miezi mitatu kwa zaidi ya wiki 4
☐ mwenzako aliahidi "kumwaga nje" akachelewa
☐ kitanzi chako kimetoka
☐ ulilazimishwa

Huna haja ya kupimwa, kuchunguzwa sehemu za siri wala kuwa na cheti cha ndoa ili umeze kidonge.

Jinsi ya kumeza P2

1. *Soma boksi kabla ya kulipa.* Tafuta neno levonorgestrel na kipimo. P2 ya asili ni vidonge viwili vya miligramu 0.75 kila kimoja. Siku hizi kuna pia kidonge kimoja cha miligramu 1.5. Nguvu yake ni ileile. Tazama tarehe ya kuisha muda, na usikubali kidonge kilichokatwa kutoka kwenye karatasi yake na kufungiwa kwenye gazeti.

2. *Meza vyote viwili kwa pamoja.* Maelezo ya zamani husema kimoja sasa na kingine baada ya saa 12. Utaratibu huo haukuongeza nguvu yoyote, ila ulizalisha watu waliopitiwa na usingizi wakakosa cha pili. Kama tayari umemeza kimoja, meza cha pili sasa hivi.

3. *Kula kidogo kabla.* Si sharti, ila chai na kipande cha mkate husaidia kutuliza kichefuchefu.

4. *Angalia saa.* Ukitapika kabla saa 3 hazijapita tangu umeze, rudia dozi yote. Ukitapika baada ya hapo, usiwe na wasiwasi, dawa imeshaingia.

5. *Andika tarehe* uliyomeza na tarehe unayotarajia hedhi. Utazihitaji baadaye.

Katika siku mbili tatu zinazofuata unaweza kuumwa kichwa, kuhisi kizunguzungu, matiti kujaa, tumbo kunyonga au kuona matone ya damu. Hupita yenyewe.

Na kama uko mahali ambapo P2 haipo kabisa, ila nyumbani kuna vidonge vya kila siku vya aina ya Microgynon? Daktari wa Kanada, Albert Yuzpe, alieleza njia hii 1974: vidonge 4 vya homoni kwa mara moja, na vingine 4 baada ya saa 12. Vile vya rangi ya kahawia usivihesabu. Hivyo ni madini ya chuma tu. Njia hii ni dhaifu kuliko P2 na inatapisha kwelikweli, kwa hiyo iwe ni pale ambapo huna jingine.

Kitanzi, ambacho hakuna anayekitaja pale kaunta

Nina malalamiko hapa. Kila mtu mjini anaijua P2, lakini ni wachache mno wanaojua kwamba kitanzi cha shaba, kile ambacho Wakenya wengi hukiita koili, ni kinga ya dharura, tena iliyo bora kuliko vidonge vyote. Sababu ni nyepesi: chenyewe hakishughuliki na pantoni. Shaba huwalemaza abiria wenyewe. Kwa hiyo haijalishi yai liko wapi, haijalishi una kilo ngapi, haijalishi unameza dawa gani nyingine.

Utaratibu wake:

1. Nenda kituo cha afya au hospitali yenye huduma ya uzazi wa mpango ndani ya siku 5 tangu tendo. Tanzania, huduma hii hutolewa bila malipo kwenye vituo vya serikali.
2. Sema waziwazi: "Nataka kitanzi cha shaba kwa ajili ya dharura. Tendo lilikuwa siku fulani." Usiseme tu "nataka uzazi wa mpango", maana utapangiwa tarehe ya wiki ijayo.
3. Mhudumu atakuuliza kuhusu mimba na dalili za maambukizi: uchafu wenye harufu, maumivu chini ya kitovu, homa. Mwenye maambukizi ya wakati huo ya kisonono au klamidia hawekewi mpaka atibiwe, na katika hali hiyo kidonge ndicho kimbilio.
4. Kuweka kwenyewe huchukua dakika chache. Kunauma, kwa wengine kama tumbo la hedhi, kwa wengine zaidi ya hapo. Omba dawa ya maumivu mapema.
5. Ukipenda, kiache hukohuko. Kitanzi cha aina ya TCu380A hufanya kazi kwa miaka 10 au zaidi, na siku utakapotaka mtoto kinatolewa. Msichana ambaye hajawahi kuzaa naye anaweza kuwekewa, hata kama kuna mhudumu atakayekuambia vinginevyo.

Makosa yanayoleta mimba hata baada ya kumeza

*Kujiona umekingwa mwezi mzima.* Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Umemeza Jumamosi, Jumatano mkakutana tena bila kondomu kwa sababu "si nimeshameza?" Kumbuka: P2 haikuiondoa pantoni, imeichelewesha. Itakuja. Ikija siku hiyo ya Jumatano au baada yake, itakuta abiria wapya. Tendo la baada ya kidonge huwa na hatari kubwa kuliko lile la kwanza.

*Kukihifadhi kidonge na kusubiri hedhi.* Kuna wanaonunua mapema na kukihifadhi kwenye pochi, jambo ambalo ni zuri, kisha tendo likishafanyika wanasubiri "waone kama hedhi itakuja". Hedhi ikichelewa, P2 haina kazi tena.

*Kuyaona matone ya damu na kusherehekea.* Damu kidogo siku ya tatu au ya tano mara nyingi ni homoni imetikisa ukuta wa kizazi. Si hedhi, wala si ushahidi kwamba imefanya kazi.

*Tiba za jikoni.* Maji ya chumvi, majani ya chai yaliyokolezwa, ndimu, majivu, kujiosha kwa soda, kurukaruka, kukojoa haraka, kumeza vidonge vya malaria. Mbegu hufika mlango wa kizazi kwa dakika chache, kabla hata hujainuka kitandani. Hivyo vyote havizifikii, na vingine vitakuunguza au kukupa sumu.

*Kuifanya P2 kuwa njia ya kila wikendi.* Hapa tutenganishe uvumi na ukweli. Uvumi unasema ukimeza mara tatu unakuwa mgumba. Si kweli, uwezo wa kuzaa hauguswi, na hakuna idadi ya juu iliyowekwa kwa mwaka. Ukweli ni kwamba hedhi itavurugika usijue siku zako tena, na ule uwezekano wa mimba 1 au 2 kwa kila 100 unaurudia kila unapomeza. Kipandikizi cha mkononi, kinyume chake, hukaa miaka 3 hadi 5, na kwa mwaka mzima hakifiki hata mimba 1 kwa wanawake 100. Na wewe kaka unayetuma nauli ya bodaboda na hela ya P2 kila Jumatatu, je, pakiti ya kondomu isingekugharimu kidogo kuliko hizo?

Wanaopaswa kuuliza zaidi kabla ya kumeza

*Wanaotumia dawa fulani.* Zipo dawa zinazolifanya ini liichome homoni ya P2 haraka kabla haijafanya kazi. Kubwa kwetu huku ni rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU, na dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni. Kama uko kwenye mojawapo, au umeiacha chini ya wiki 4 zilizopita, kitanzi cha shaba ndicho chaguo lako la kwanza. Kikikosekana, wataalamu hushauri dozi maradufu ya levonogestreli, yaani miligramu 3, na ulipristali haikufai. Habari nzuri ni kwamba dolutegraviri, ambayo ndiyo wengi wanaoishi na VVU wanaitumia sasa, haina ugomvi huo. Usiogope kumtajia mfamasia dawa zako. Asipojua, atakupa boksi moja na utaondoka ukidhani umekingwa.

*Wenye uzito mkubwa.* P2 hupungua nguvu kadiri mwili unavyoongezeka. Tahadhari kubwa huanzia pale uwiano wa uzito na urefu unapofika 30. Kwa mwenye urefu wa sentimita 160 ni kama kilo 77. Waingereza huanza kutahadhari mapema zaidi, kwenye kilo 70. Ulipristali hustahimili zaidi, na kitanzi hakijali kabisa. Lakini kama P2 ndiyo pekee iliyopo, imeze. Iliyopungua nguvu ni bora kuliko kukaa bila kitu.

*Wanaonyonyesha.* P2 haina tatizo. Ukimeza ulipristali, kamua maziwa na kuyamwaga kwa wiki moja.

KISANDUKU: KAMA ULILAZIMISHWA

Nenda hospitali kwanza, hata kabla ya kuoga. Huko kuna mambo matatu ya kuomba: kinga ya mimba ndani ya saa 120, dawa za kuzuia VVU, ambazo huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28, na tiba ya magonjwa mengine ya zinaa. Fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, ina umuhimu wake kwa kesi, ila saa za dawa hazisubiri foleni ya kituo cha polisi. Kwa mtoto, simu 116 hupokelewa Tanzania na Kenya. Kwa Kenya, ukatili wa kijinsia hupokelewa pia kwenye 1195.

Siku zinazofuata

Ukimeza P2, unaweza kuanza vidonge vya kila siku, sindano au kipandikizi siku hiyohiyo, ukitumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo. Ukimeza ulipristali subiri hadi siku ya 6, kwa sababu homoni nyingine ikiingia mapema huipokonya kazi yake. Katika kungoja huko, na siku 7 za mbele, ni kondomu.

Hedhi inaweza kuja mapema au kuchelewa siku chache. Ikipita siku 7 zaidi ya tarehe uliyoiandika, au ikija nyepesi kuliko kawaida yako, nunua kipimo cha mkojo. Kama hujui tarehe zako, pima wiki 3 baada ya tendo. Ukipima siku ya nne au ya kumi, kipimo kitakudanganya. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, na usome jibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo, si jioni ukirudi kazini.

Usisubiri kipimo ikiwa una maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au damu isiyo ya kawaida. Mimba iliyotunga nje ya kizazi hujionyesha hivyo. P2 haiisababishi, lakini haiizuii pia, na ni dharura ya usiku uleule.

Mistari ikiwa miwili, nenda kliniki na umweleze mhudumu siku uliyomeza. Atataka kujua mimba ina wiki ngapi. Hatakuambia mtoto ameharibika kwa sababu ya kidonge kile, kwa kuwa hakuna ushahidi wa hilo. Na akikuambia hivyo, nenda kwa mwingine.